Mkunga wa Siku ya Ng'ombe

Mwishoni mwa Julai joto la Tokyo huwa na unyevu mzito. Shati hugandama mgongoni mapema asubuhi, usingizi hukatika usiku, na hamu ya kula huwatoka hata vijana. Kwa majira hayo Wajapani wana chakula chao cha kurudisha nguvu: mkunga wa mto, aliyepasuliwa na kutolewa mifupa, akatungwa kwenye vijiti vya mwanzi, akabanikwa juu ya makaa na kuchovywa katika mchuzi mzito wa soya wenye utamu. Chakula hicho huitwa kabayaki. Huliwa mwaka mzima, lakini kila kiangazi ipo siku ambayo nchi nzima humkumbuka mkunga kwa pamoja, na foleni mbele ya maduka yake huzunguka kona ya mtaa.

Siku hiyo hutafutwa kwa kalenda ya zamani. Kabla ya kila majira mapya kuingia, kuna kipindi cha siku 18 hivi kiitwacho doyo, na siku zenyewe huhesabiwa kwa mzunguko wa wanyama 12, kuanzia panya hadi nguruwe. Siku ya ng'ombe inayoangukia ndani ya doyo ya kiangazi ndiyo siku ya mkunga. Kwa kuwa kipindi ni kirefu kuliko mzunguko, miaka mingine siku hiyo huja mara mbili: mwaka 2025 iliangukia tarehe 19 na 31 Julai. Mwaka 2026 ni moja tu, tarehe 26 Julai.

Imani kwamba mkunga humfaa mtu aliyedhoofishwa na joto ni ya kale mno. Otomo no Yakamochi, mshairi na ofisa wa karne ya 8, ana shairi katika Man'yoshu, diwani kongwe ya mashairi ya Kijapani, ambamo anamshauri kwa utani rafiki yake mwembamba avue mikunga ale, maana ni dawa ya kukonda kwa kiangazi. Desturi ya siku ya ng'ombe ni ya baadaye sana. Masimulizi yanayopendwa humtaja Hiraga Gennai (1728–1780), mtaalamu wa mitishamba, mwandishi na mvumbuzi. Husimuliwa kwamba mwenye duka la mikunga alimlalamikia jinsi biashara inavyolala wakati wa joto, naye Gennai akamwandikia tangazo la kubandika mlangoni: leo ni siku ya ng'ombe. Wateja wakamiminika, na maduka mengine yakaiga. Iwe ndivyo ilivyokuwa au sivyo, tiba yenyewe haikosi msingi. Nyama ya mkunga ina protini na mafuta mengi, ina vitamini A kwa wingi, na ina vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kuugeuza wali kuwa nguvu.

Hata hivyo, siku ni ya kalenda tu. Kinachomfanya mkunga aliwe, tena aliwe kwa heshima, ni mikono ya watu waliotumia nusu ya umri wao kumjua. Mafundi wa kazi hii wana msemo: kutunga vijiti ni miaka mitatu, kupasua ni miaka minane, kubanika ni maisha yote. Wapo wanaoipunguza ile miaka ya kupasua. Ya kubanika haipunguzwi na mtu.

Anayetaka kuona kazi hii kwa macho yake aende Narita. Wasafiri wengi huujua mji huo kwa uwanja wake wa ndege peke yake, wakaondoka bila kufika kwenye barabara ya zamani inayokwenda kwenye hekalu la Shinsho-ji. Kandokando ya barabara hiyo kuna maduka ya mikunga, na katika baadhi yake mafundi hukaa mbele kabisa, nyuma ya ubao mpana, wakipasua huku wapita njia wamesimama kuwatazama.

Kazi huanza kabla ya kisu. Mkunga aliyetoka bwawani huwa na harufu ya matope, kwa hiyo huwekwa kwenye maji safi yanayotiririka, bila kulishwa, hadi tumbo lake liwe tupu na nyama yake ikaze. Mji wa Mishima, karibu na Mlima Fuji, umejipatia jina kwa hatua hii peke yake. Mikunga wake hukaa siku kadhaa katika maji baridi ya chemchemi yanayotoka mlimani. Hapo hakuna ufundi wa kuonyesha, ni kungoja tu, lakini anayeiruka hatua hii hawezi kuificha kwa mchuzi wowote.

Kisha anatolewa. Mkunga aliye hai hashikiki: mwili mzima una ute, na kila msuli unasukuma upande wake. Wengi humtia kwanza kwenye barafu ili atulie. Fundi humshika nyuma ya kichwa kwa vidole vitatu, bila kukaza sana, maana ukikaza huchomoka. Anamlaza ubaoni, mgongo ukimwelekea yeye na kichwa kikiwa upande wa kulia. Anachukua meuchi, chuma kifupi chenye ncha, na kwa pigo moja anampigilia kichwa kwenye tundu la ubao. Tundu hilo limechimbika lenyewe kwa mapigo ya miaka mingi. Pigo likienda upande, mkunga atajizungusha, na nyama itapata alama ambayo mlaji ataiona. Tena damu yake mbichi ina sumu, inayokwisha nguvu kwa moto tu. Kwa sababu hiyo fundi huifuta mara kwa mara, na huangalia isimrukie machoni.

Kisu cha Tokyo ni kizito, kifupi, na ncha yake imekatwa mshazari. Kinaingia nyuma ya kichwa, kinashuka mpaka kinapoufikia uti wa mgongo, kinalala, halafu kinateleza kuelekea mkiani. Tazama mkono wa kushoto, maana ndio unaofanya kazi ngumu. Kidole gumba kinafuata kisu sambamba, kikibonyeza, kikisikiliza mfupa ulipo. Kisu kikipanda kidogo, nyama inabaki kwenye mfupa. Kikishuka kidogo, kinatoboa ngozi ya tumbo. Mlio unaosikika ni mkwaruzo mwembamba usiokatika, na fundi mzee anaweza kumkosoa mwanafunzi wake kwa kusikia tu, akiwa amempa mgongo. Mkunga hufunguka kama kitabu. Matumbo yanatolewa kwa uangalifu ili nyongo isipasuke. Ini linatengwa kwa ajili ya supu. Kisu kinapita tena chini ya uti wa mgongo, nao unatoka mzima, mrefu, bila nyama. Mapezi yanaondolewa, kichwa kinakatwa, na mwili unagawanywa mapande mawili. Kwa fundi aliyekomaa yote haya hayamalizi dakika moja, lakini huoni haraka popote.

Kupasua kupitia mgongoni ni desturi ya Tokyo na mashariki. Osaka na magharibi hupasua tumboni, na kisu chao ni cha namna nyingine. Husemwa kwamba Edo, yaani Tokyo ya zamani, ilikuwa mji wa samurai, na kupasua tumbo kuliwakumbusha watu namna samurai alivyojiua kulinda heshima yake. Mimi naona sababu ya pili ina uzito zaidi. Mashariki mkunga hupikwa kwa mvuke, magharibi hapikwi hivyo. Ukimpasua tumboni, nyama laini ya tumbo inakaa pembeni, na ikishalainishwa na mvuke itadondoka kwenye vijiti. Ukimpasua mgongoni, nyama nene ndiyo inayokaa pembeni ikashika. Fundi wa hatua ya kwanza anamtengenezea njia yule wa hatua ya nne.

Miaka mitatu ya vijiti huwashangaza wengi, maana kwa mtazamaji inaonekana ni kuchoma tu. Kijiti cha mwanzi kinatakiwa kipite katikati ya ngozi na nyama, karibu kabisa na ngozi, bila kuitoboa na bila kupanda juu. Fundi anaweka mapande mawili ubavu kwa ubavu na kupitisha vijiti vinne au vitano. Mkono mmoja unasukuma. Vidole vya mkono mwingine viko juu ya nyama, na kupitia nyama hiyo vinaifuata ncha inavyosogea. Hawezi kuiona, anaihisi. Kijiti kilichopita juu kidogo hakionyeshi kosa lolote sasa. Kosa litatokea baada ya mvuke, nyama itakapoteleza na kuanguka kwenye makaa, na hapo hakuna la kufanya.

Makaa nayo yana historia ndefu. Yanayosifiwa kuliko yote ni binchotani ya mkoa wa Wakayama, yanayochomwa kutokana na mti mgumu wa jamii ya mwaloni uitwao ubame. Wachoma mkaa huacha kuni ziungue polepole tanurini kwa siku nyingi, na mwishoni hufungua mlango kidogo kidogo kuingiza hewa, mpaka moto unapozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mkaa unavutwa nje ukiwa mwekundu na kufukiwa kwa mchanganyiko wa mchanga na majivu. Unaobaki ni mgumu kiasi kwamba vipande viwili vikigonganishwa hulia kama chuma. Huwaka kwa saa nyingi, bila mwali na karibu bila moshi wake wenyewe, na joto lake hupenya.

Mpangilio wa jiko ni sehemu ya kubanika. Fundi halazi makaa sawasawa. Kuna mahali pa moto mkali na mahali pa moto wa kupumzishia, na katika muda wote wa kazi anahamisha mishikaki kutoka upande mmoja hadi mwingine kufuatana na unene wa kila mkunga. Kwanza humbanika mtupu, bila mchuzi, akimgeuza na kumgeuza tena. Mafuta yanaanza kutoka, yanadondokea makaa, na moshi unapanda. Hapo upepeo unaingia kazini. Ni upepeo wa karatasi ulioimarishwa kwa maji ya matunda ya mkaki, mgumu na wa rangi ya kahawia. Mtazamaji hudhani unachochea moto tu. Kumbe unafanya mengi: unaamsha makaa ya upande mmoja, unapeperusha majivu, unafukuza moshi mchungu na kuuacha ule wenye harufu nzuri umguse samaki kidogo. Katikati ya kupepea, mkono mwingine unazungusha kila kijiti mahali pake, nusu mzunguko tu, ili nyama isigandamane na mwanzi na vijiti vichomoke bila kuichana.

Sasa, akiwa amepata rangi ya manjano hafifu, mkunga anaondolewa motoni na kuingizwa kwenye sanduku la mvuke. Hatua hii haina wa kuipiga picha. Hakuna moto wa kutazama, hakuna kisu, na harufu imefungiwa ndani. Kwangu mimi, hapa ndipo ufundi wa Tokyo ulipo. Mvuke unayayeyusha mafuta ya chini ya ngozi, unailainisha ngozi yenyewe, na unaiacha nyama ikiwa laini kiasi cha kukatika kwa ncha ya kijiti cha kulia. Lakini mikunga hawafanani. Mnene mwenye ngozi ngumu anataka muda mrefu, kijana anataka mfupi, na saa ya ukutani haijui tofauti hiyo. Fundi hufunua, hubonyeza kwa kidole, hufunika. Dakika chache zikizidi, nyama itasambaratika. Zikipungua, ngozi itakuwa kama mpira. Anarudi kubonyeza tena, bila kuonyesha kuchoka wala wasiwasi, wakati wateja wake wapo mezani na achari na chai.

Magharibi hawana sanduku hilo. Humbanika mkunga mzima mzima, mara nyingi kichwa kikiwa bado kipo, juu ya vijiti vya chuma, hadi ngozi ikauke na kulia mdomoni. Ni ufundi wa moto peke yake, na wenye mapenzi na Osaka hawakubali kwamba kuna ulio bora zaidi.

Baada ya mvuke kuna chungu. Ndani yake mna tare, mchuzi wa soya na mirini, yaani kileo kitamu cha mchele cha kupikia, na katika maduka mengi viungo havizidi vichache. Chungu hakimalizwi kikaanza upya. Kila jioni huongezwa mchuzi mpya juu ya ule wa zamani, na kila mkunga anayechovywa huacha humo mafuta na ladha yake. Kuna maduka yanayosema mchuzi wao umeendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Wakati wa tetemeko kubwa la mwaka 1923, na tena wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili, husimuliwa habari za wenye maduka waliokimbia na chungu cha tare na kuacha vitu vingine vyote viungue. Namwamini anayesimulia. Jengo hujengwa tena, lakini mchuzi wa babu haununuliki.

Mkunga anachovywa, anarudi motoni, mchuzi unachemka juu ya nyama na kukauka. Anachovywa tena. Kwa kawaida mara tatu. Sukari ya mchuzi huungua upesi, kwa hiyo mwisho huu wa kubanika ndio wenye hatari kubwa kuliko wote: nyama haina nguvu, vijiti ndivyo vinavyoishikilia, na rangi inabadilika mbele ya macho. Upepeo unakwenda mbio kuliko awali. Fundi amejiinamia katika moshi, uso umelowa jasho, macho hayatoki kwenye pembe za nyama, maana pembe ndizo zinazoanza kuungua. Kiangazi, jikoni hapo, yeye ndiye anayebeba joto ambalo wengine wamekuja kulikimbia. Anapoinua mishikaki, uso wa mkunga unang'aa, una mistari myembamba ya kahawia iliyokoza, na hakuna doa jeusi.

Vijiti vinazungushwa mara moja na kuchomolewa. Mkunga analazwa juu ya wali ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi ya laka, tone la mchuzi linaongezwa, kifuniko kinafungwa. Pembeni kuna bakuli la supu nyepesi yenye lile ini, na kichupa cha unga wa sansho, kiungo chenye harufu ya ndimu kinachochangamsha ulimi na kukata mafuta. Kunyunyiza kidogo kunatosha.

Samaki mwenyewe ana safari inayostahili kujulikana na kila anayemla. Mkunga wa Japani huzaliwa katika bahari ya wazi magharibi ya Visiwa vya Mariana, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka nchi atakayoishia. Mahali hapo palitafutwa kwa miongo mingi, na ni mwaka 2009 ndipo watafiti wa Japani walipofanikiwa kuokota mayai yake baharini kwa mara ya kwanza. Mabuu huchukuliwa na mikondo ya bahari, na majira ya baridi hufika midomo ya mito yakiwa vitoto vyembamba, angavu kama kioo. Wavuvi huvikamata usiku kwa taa na nyavu, kisha hukuzwa mabwawani. Mkoa wa Kagoshima, kusini, ndio unaoongoza kwa ufugaji huo. Lakini bwawa ni la kukuzia. Karibu kila mkunga wa sahani alizaliwa baharini, na vitoto vinavyorudi vimepungua sana. Mwaka 2014 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka samaki huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mikunga wa jamii yake wamo pia katika mito yetu ya Kenya, Tana na Sabaki ikiwemo, nao vilevile huzaliwa baharini na hupanda mto kukua.

Kwa hali hii, siku ya ng'ombe imekuwa mzigo mzito kwa samaki na kwa fundi. Maduka makubwa ya chakula hujaza kabayaki iliyofungwa kwenye plastiki, nyingi ikitoka China, na watu hununua wakipita kurudi nyumbani. Maduka ya mafundi hulemewa. Yapo machache ambayo siku hiyo, siku yenye wateja wengi kuliko zote katika mwaka, hufunga mlango. Nayaheshimu kwa hilo. Aliyejifunza kubonyeza nyama kwa kidole hawezi kuiharakisha kwa sababu ya tangazo la mlangoni.

Mikunga wa mtoni hunona kuelekea majira ya baridi, kabla ya kushuka kurudi baharini. Ndiyo maana maduka ya zamani yalikosa wateja Julai. Msomaji utakayejaliwa kufika Japani, waachie wenyeji foleni ya siku ya ng'ombe. Nenda Oktoba au Novemba, tafuta duka linalopasua baada ya mteja kuagiza, agiza mmoja, na ukiambiwa usubiri dakika 40, subiri.